Kwa nini dari ya gari la zamani huanguka? Gundi haina kosa

Kitambaa cha dari kikianza kushuka kama chandarua kilichokatika kamba, mwenye gari Mombasa huambiwa sababu moja: joto la Pwani limeyeyusha gundi. Basi hununua kopo la gundi ya kupuliza, akabandika upya, na baada ya muda mfupi kitambaa kimeshuka tena.

Vuta kidogo pale kilipoachia, utazame upande wa nyuma. Utakuta unga wa chungwa au kahawia unaonata vidoleni. Huo si gundi, ni sponji. Katika magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990, kitambaa hakikubandikwa moja kwa moja kwenye ubao wa dari. Kati yao kuna sponji nyembamba ya poliurithani, yapata milimita 3. Kwaruza ubao uone: mara nyingi gundi ya kiwandani bado imeshika, na juu yake mna mabaki ya sponji. Kilichokufa ni cha katikati.

Sponji hiyo ni kama wavu wa mvuvi. Mvuke wa maji hukata mafundo yake moja moja, oksijeni nayo hula nyuzi, na joto la bati lililoanikwa juani huharakisha yote mawili. Wavu uliooza bado huonekana wavu, hadi uuvute. Kuna sponji zinazoshindwa zaidi na maji na nyingine zaidi na oksijeni, ndiyo maana magari mawili ya umri mmoja huweza kutofautiana.

Kupuliza gundi juu ya unga huo ni kama kupaka rangi ukuta wa Mji wa Kale ambao chokaa yake imeliwa na chumvi. Rangi hushika chokaa barabara, kisha huanguka nayo.

Kwa hiyo ubao lazima utoke. Ondoa vizuia jua, vishikio, taa na mipira ya milango, kisha utoe ubao bila kuukunja, kwani ukivunjika hapo kazi imekuwa mbili. Vaa barakoa, usugue sponji yote kwa brashi ngumu ya nailoni. Ya waya huchimba ubao. Nunua kitambaa chenye sponji yake na gundi inayostahimili joto. Pulizia ubao na upande wa sponji wa kitambaa, ngoja hadi gundi isishike kidole, ulaze nusu moja ya kitambaa kwanza kutoka katikati kwenda kingoni. Usikandamize kwa nguvu: gundi itapenya sponji na kuacha madoa. Acha sentimita 5 za kukunja nyuma, na usirudishe ubao kabla ya saa 24.

Volkswagen Beetle na Morris Minor ni habari nyingine kabisa, na ya kupendeza. Dari zao hutundikwa kwenye nyaya zilizopinda zinazopita ndani ya mifuko iliyoshonwa, kama dari ya nyumba ya Kiswahili inavyobebwa na boriti. Hizo huchanika au hulegea, hazimwagi unga. Fundi anayezifungua aandike namba kwenye kila waya, mbele hadi nyuma, maana mipindo yake hailingani. Mmoja ukikosewa mahali, mikunjo haitoki hata uvute vipi. Na ikiwa dari mpya ni ya plastiki laini, ianikwe juani kwanza ilainike, ndipo ivutwe.