Asilimia 35 ya Vancouver na maskani zetu za Unguja

Kila kikao hapa Unguja kinapozungumzia vijana wanaojidunga unga, yaani heroini, hatokosekana mtu wa kuitaja Vancouver. Atasema kule Kanada wamefungua chumba, watu wanajidunga mbele ya muuguzi, na vifo vimepungua kwa asilimia 35. Mwenye kupinga humjibu hapohapo kwamba huko ni kuihalalisha haramu. Kikao huishia hapo, na hakuna aliyeuliza hiyo 35 imepatikanaje.

Nimefanya tafiti za watu wanaojidunga hapa visiwani kwa miaka mingi. Karibuni mwanafunzi wangu mmoja aliniletea pendekezo lake: anataka kuchunguza kama vyumba vya namna hiyo vingefaa Zanzibar. Nilimrudishia likiwa na wino mwekundu kila ukurasa. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyomwambia.

Nambari yenyewe kwanza. Chumba kinaitwa Insite, kilifunguliwa Septemba 2003 kwenye mtaa wa Downtown Eastside. Mtu huja na unga wake mwenyewe, hupewa sindano mpya na maji safi, hukaa sehemu yake, na muuguzi humwangalia. Muuguzi hamdungi. Pumzi ikianza kulegea humpa oksijeni, na ikibidi naloksoni, dawa inayouondosha unga pale ulipoganda kwenye ubongo hadi pumzi ikarudi. Watafiti walichukua kumbukumbu za vifo vya kuzidisha dozi katika mji huo, kuanzia 2001 hadi mwisho wa 2005, wakaweka kila kifo mahali pake kwenye ramani, kisha wakapima mita 500 kukizunguka chumba. Ndani ya mita hizo, kiwango cha vifo kilishuka kwa asilimia 35 baada ya chumba kufunguliwa. Sehemu nyengine za mji kilishuka kwa asilimia 9.3. Utafiti huo ulichapishwa 2011 katika jarida la The Lancet.

Mimi ninachokithamini humo ni hiyo 9.3. Bila ya hiyo, 35 ingekuwa haina kitu cha kupimiwa: pengine mwaka ule unga uliadimika mji mzima, pengine ulikuja dhaifu. Ndiyo maana hoja nyengine inayopendwa, kwamba hakuna aliyefia ndani ya chumba, hainitoshi. Ndani yupo muuguzi na oksijeni. Ninachotaka kujua ni yule aliyejidunga nje, saa chumba kimefungwa.

Kuna mtego wa pili, nao ndio uliomnasa mwanafunzi wangu: nani anaingia? Alipanga kulinganisha wanaokitumia chumba na wasiokitumia. Lakini Vancouver ilionekana kwamba waliovutwa zaidi na chumba ni wale wenye hali ngumu, wasio na makaazi, wanaojidunga hadharani, waliokwisha kuzidiwa hapo kabla. Ukiwalinganisha na wenzao wanaojidunga nyumbani kwao, utadhani chumba ndicho kilichowadhuru. Ni sawa na kusema hospitali inaua kwa kuwa wodini kunafiwa kuliko nyumbani. Na huwezi kuwapigia watu kura, huyu aingie na huyu abaki uchochoroni, ukaiita sayansi. Kwa hivyo njia bora ni kumfuata mtu yuleyule kwa miaka, ukaona sindano anazichangia vipi kabla na baada.

Na tahadharini na tafiti zinazokusanya tafiti. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi mmoja uliodai kwamba vyumba hivi havina faida kubwa, na magazeti yakaubeba. Wataalamu wengine waliupitia, wakakuta umechanganya matokeo yasiyofanana na kuyafanya kipimo kimoja. Uliondoshwa mwaka huohuo, na waandishi wenyewe ndio walioomba. Vichwa vya habari vilibaki.

Sasa tuje kwetu. Vancouver iliuliza juu ya watu waliokuwa wakifa kwa kuzidisha dozi, wamejaa kwenye mitaa michache. Unguja, kilichotuamsha zaidi ni virusi. Utafiti wa mwaka 2007 ulikuta kiasi cha asilimia 16 ya wanaojidunga wanaishi na VVU, na wa 2012 ukakuta kama asilimia 11, ilhali kwa watu wote wa Zanzibar kiwango hakifiki asilimia 1. Chanzo ni bomba moja la sindano kupita mikono mitatu. Watafiti walirikodi hata jambo la mtu kujidunga, akavuta damu yake iliyochanganyika na unga, akampa mwenzake asiye na pesa ya kete ya unga ili naye apunguze arosto, yale maumivu ya kuukosa unga. Anayempa anaamini anamsaidia ndugu yake.

Kwa hivyo kipimo cha mita 500 hakitufai. Hapa cha kupima ni bomba: limetoka wapi, limetumiwa na wangapi, limetupwa wapi. Chumba kinaweza kuwa jibu, sikatai, lakini lazima kipimwe sambamba na sindano mpya zinazopelekwa maskani, yaani vijiwe wanavyokutana vijana hawa, na methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga, inayotolewa hospitali ya Kidongo Chekundu tangu 2015. Mwenye kukipima chumba peke yake ameshachagua jibu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni ridhaa. Niliwahi kukaa na kijana barazani saa tatu asubuhi, fomu mkononi. Alikuwa akipiga miayo mfululizo, kamasi zinamtoka, shati limelowa jasho na jua bado halijachoma. Kila swali akajibu, "Ndiyo mama, andika ndiyo." Alikuwa akiingoja nauli tunayowapa washiriki, kwa sababu ndiyo kete yake. Nilimaliza fomu ile. Hadi leo najua sikustahili kuimaliza: mtu mwenye arosto hana nafasi ya kukataa, na majibu yake ni ya kunitoa pale haraka. Sasa tunapanga mahojiano mtu akiwa ametulia, wala hatumuulizi jina. Tunampitia sheha, kiongozi wa mtaa, kuomba ruhusa ya kufanya kazi kwenye shehia yake, lakini hafuatani nasi maskani. Kisiwa hiki ni kidogo, na kijana akionekana anazungumza na sisi mbele ya sheha, jioni mama yake ameshaambiwa.

Mwanafunzi wangu alirudi juzi. Ameliweka kando neno "chumba" na kuja na ramani aliyoichora kwa mkono, maskani sita, na pembeni ya kila moja hatua ngapi hadi duka la dawa lililo karibu. Iliyo mbali kabisa ni hatua mia nne. Nikamuuliza, kama sindano ziko karibu hivyo, kwa nini wanachangia? Akanionesha alama mbili za msalaba kwenye ramani. Maduka hayo, vijana walimwambia, wakikuona una sura ya teja hukwambia sindano zimekwisha.