Ukungu machoni na ganzi mkononi: je, ni mambo mawili tofauti?

Wengi huamini kuwa ukungu machoni ni suala la miwani, na ganzi mkononi ni damu kutotembea vizuri. Ni rahisi kufikiri hivyo, maana jicho na mkono viko mbali. Ila taarifa za vyote viwili huishia ubongoni.

Kinachosaidia zaidi kutambua chanzo ni mwendo wa dalili. Kipandauso huleta vimulimuli vinavyotambaa taratibu, pengine ganzi ikafuata, na kila dalili kwa kawaida hudumu dakika 5 hadi 60. Kiharusi huja ghafla. Multipo sklerosisi (ugonjwa ambapo kinga ya mwili hushambulia utando wa neva) hujijenga kwa saa au siku. Upungufu wa vitamini B12 huchukua wiki au miezi. Ndiyo maana daktari huuliza "ilianzaje?" kabla ya kuagiza picha ya ubongo (na picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, ikionekana haina kasoro haimaanishi hakuna ugonjwa).

Ili kujua ukungu unatoka wapi, ziba jicho moja, kisha lingine. Tatizo likiwa la jicho moja tu, mara nyingi liko kwenye jicho lenyewe au neva yake. Macho yote mawili yakishindwa kuona upande uleule, chanzo kiko nyuma zaidi, ubongoni. Lakini dalili zikianza ghafla, acha majaribio: nenda hospitali, hata zikiisha.