Darcy, Wickham na kosa la Elizabeth: dhana potofu na ukweli wake

Pride and Prejudice ya Jane Austen ilitoka Uingereza tarehe 28 Januari 1813 na mpaka leo watu wanaibishania kama imetoka juzi, ila mengi yanayosemwa kuhusu wahusika wake humo ndani hayamo, au yamo nusunusu. Hii riwaya naipenda sana na naumia nikiona inafupishwa kuwa tajiri mwenye maringo, Darcy, kakutana na binti mkaidi, Elizabeth Bennet, wakachukiana, wakapendana, kwisha habari. Ngoja tuzipitie dhana zenyewe.

Dhana: kitabu kinatufundisha tusimhukumu mtu siku ya kwanza.

Inaeleweka ilipotoka, maana mswada wa mwanzo Austen aliuandika kati ya 1796 na 1797 akauita First Impressions, baba yake akamwandikia mchapishaji wa London kuuombea nafasi, jamaa akakataa bila hata kuomba kuusoma. Lakini angalia watu wenyewe. Mchungaji Collins, ndugu atakayeirithi nyumba ya kina Bennet, unamjua kwenye barua yake tu, kabla hajafika hapo kwao Longbourn, na akifika ni yuleyule wa kwenye barua. Lady Catherine, dada wa mama yake Darcy, anaonekana mbabe siku ya kwanza na anabaki mbabe hadi mwisho. Bingley, rafiki wa Darcy, anaonekana mpole mwenye roho nzuri, na kweli ndivyo alivyo. Kwa hiyo macho ya Elizabeth yanafanya kazi vizuri tu, yanamkosesha kwa watu wawili: mmoja aliyemdharau kwenye dansi, Darcy, na mwingine aliyemsifia, Wickham, ofisa wa mgambo. Na yeye mwenyewe analikiri hilo baada ya kusoma barua aliyopewa na Darcy alipokwisha kumkataa posa, kwamba mmoja alimpuuza akaumia, mwingine alimpendelea akafurahi, na hapo akili ikalala.

Dhana: Wickham alidanganya kwa ustadi mno, hakuna ambaye angemgundua.

Hapa ndipo ninapobishana na watu sana, kwa sababu Austen ameweka ushahidi wote mezani mapema na sisi tunaupita kama Elizabeth alivyoupita. Fuatilia ile jioni kwa Bi Philips, ndugu wa mama yake Elizabeth, watu wanacheza karata. Wickham haanzi kusimulia moja kwa moja, anauliza kwanza Netherfield, nyumba aliyopanga Bingley, ni mbali kiasi gani na Darcy kakaa huko muda gani, halafu anauliza kama Elizabeth anamfahamu vizuri. Elizabeth anajibu kwamba anamfahamu kiasi cha kumtosha na hampendi kabisa. Basi, mlango umefunguka, na jamaa anamwaga yote: kwamba marehemu mzee Darcy alimwahidi nafasi ya uchungaji yenye nyumba na kipato chake, na kijana akamnyima. Huyu wamejuana jana yake tu barabarani! Tena anasema kwa heshima ya marehemu hawezi kumwanika mtoto wake, huku anamwanika sentensi hiyohiyo. Anasema yeye hamkimbii Darcy, kama kuna wa kuondoka ni Darcy, halafu dansi la Netherfield la tarehe 26 Novemba linafika na Wickham hajatokea, kasafiri ghafla, na mwenzake wa kikosi cha mgambo anadokeza kabisa kwamba Wickham alitaka kumkwepa bwana fulani. Kina Darcy wakishahama Netherfield, ile hadithi ya siri inajulikana mji mzima.

Na kuna kitu kinaniuma zaidi. Kwenye dansi lilelile Caroline Bingley, dada wa Bingley, alimfuata Elizabeth akamwambia usimwamini huyo, yeye ndiye aliyemtendea Darcy vibaya. Ulikuwa ukweli mtupu. Ila Caroline ni mtu wa nyodo, akachanganya na maneno ya kwamba Wickham ni mtoto wa msimamizi wa mali tu, utategemea nini, Elizabeth akasikia dharau na habari yenyewe akaitupa. Jane, dada mkubwa wa Elizabeth, naye alileta maelezo ya Bingley anayemtetea Darcy, hayo nayo yakawekwa pembeni. Ukweli wenyewe ukaja kujulikana Aprili, kwenye barua: Wickham aliachiwa pauni 1,000 kwenye wosia, akaikataa ile nafasi ya uchungaji mwenyewe na kulipwa pauni 3,000 badala yake, zikaisha, akarudi kuidai. Alipokataliwa akataka kutoroka na dada yake Darcy, Georgiana, mtoto wa miaka 15 mwenye urithi wa pauni 30,000.

Dhana: Darcy hakuwa na kiburi, alikuwa na aibu tu.

Siku hizi hii imekuwa maarufu, ila mwenye aibu kwenye hiyo familia ni Georgiana. Darcy kule Rosings, nyumbani kwa Lady Catherine, anajitetea kwamba hana kipaji cha kuzungumza kirahisi na wageni, na Elizabeth, akiwa kwenye piano, anamjibu kwamba hata yeye vidole vyake havichezi vizuri kama vya wanawake wengine, lakini hilo ni kosa lake kwa kutofanya mazoezi. Jibu zuri sana, na Darcy anatabasamu na kukubali. Kiburi alikuwa nacho kwelikweli, alimposa mtu huku anamweleza jinsi familia yake ilivyo chini, na mwishoni anakiri mwenyewe kwamba alilelewa na misingi mizuri ila akaachwa aifuate kwa majivuno. Na yeye pia alimsoma mtu vibaya: alimwona Jane anatabasamu sawasawa kwa kila mtu akaamua hampendi Bingley, akawatenganisha. Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth, alishaonya mapema kwamba Jane anaficha mno hisia zake, Elizabeth akapuuza. Kwa hiyo ule mgao wa jina la kitabu, kwamba kiburi ni cha Darcy na hukumu za haraka ni za Elizabeth haushiki, wote wawili wana vyote viwili.

Dhana: Elizabeth alibadilika alipoiona Pemberley, makazi ya Darcy.

Anamwambia Jane hivyo, ndiyo, lakini ni utani na Jane palepale anamwomba aache mzaha. Hesabu zenyewe zinakataa. Darcy ana pauni 10,000 kwa mwaka, Elizabeth hata hiyo pauni 1,000 yake ataipata mama yake akishafariki, na Collins alimkumbusha hilo usoni wakati anamposa. Akamkataa Collins, akamkataa na Darcy. Moyo ulianza kugeuka kwenye ile barua, miezi kadhaa kabla ya Pemberley. Kule alichokikuta ni mtunza nyumba, Bi Reynolds, anayemjua Darcy tangu ana miaka minne na hajawahi kusikia neno baya kutoka kwake. Kisha Darcy akatokea akawapokea vizuri mjomba wa Elizabeth na mkewe, watu wa biashara London, akamkaribisha mjomba aje kuvua samaki. Kuhusu Darcy kujitosa ziwani na kutoka na shati limelowa, hiyo ni tamthilia ya BBC ya 1995, kitabuni haipo.

Dhana: mama Bennet ni mjinga, baba Bennet ndiye mwenye akili.

Mama ana kelele na kelele zake ziliharibu mengi, Darcy alizisikia mezani Netherfield. Lakini hofu yake ni ya kweli, Longbourn imefungwa kurithiwa na mwanaume, mume akifa mabinti watano wanatolewa na Collins anaingia. Baba anatuchekesha kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa hiyo tunampenda, na tukishampenda hatumkagui tena. Huyu hakuweka akiba kwa ajili ya mabinti, kila siku alikuwa anadhani atazaliwa mtoto wa kiume. Na Elizabeth alimwendea akamsihi asimruhusu Lydia, mdogo wao wa mwisho, kwenda Brighton, mji wa pwani walikohamia wale wanamgambo, akamweleza hatari yote. Akamjibu kwamba Lydia asipoenda nyumba haitakuwa na amani, binti akaenda, akatoroka na Wickham akiwa na miaka 16, na aliyelipa madeni ya Wickham ni Darcy, kimyakimya. Akirudi kutoka London kumtafuta bila kumpata, baba Bennet anakiri mbele ya Elizabeth kwamba kosa ni lake, na kwamba ule ushauri wa Mei ulikuwa sahihi.