Jiko la Minecraft hupika kweli

Wachezaji wengi wa Minecraft, mchezo wa video wa kujenga vitu kwa bloku, huamini kwamba jiko au friji ndani ya mchezo huo ni pambo tu, na kwamba anayetaka kifaa kinachofanya kazi hana budi kupakua programu za nyongeza. Si kweli. Tangu toleo la 1.5 la Machi 2013, lililoleta hopa, yaani faneli inayopitisha vitu yenyewe, mchezo una kila kinachohitajika.

Hopa iliyo juu ya tanuru huingiza nyama mbichi, ya ubavuni huingiza makaa ya mawe, na ya chini hupokea nyama iliyoiva na kuipeleka sandukuni. Kila pande huiva kwa sekunde 10, na kaa moja hutosha kuivisha mapande 8. Ukiweka jiko la moshi, lililoongezwa mwaka 2019, mahali pa tanuru, muda huo hupungua hadi sekunde 5, na kwa maoni yangu hilo ndilo chaguo bora kwa jikoni.

Friji nayo huhitaji bloku ya kurushia vitu iliyojazwa chakula, nyuma ya mlango wa chuma: ukibonyeza kitufe, hutoka chakula kimoja. Kinachokosekana ni ubaridi pekee, ambao hauhitajiki, kwa kuwa chakula cha Minecraft hakiharibiki kikiwa kimehifadhiwa.