Je, wajua kwa nini kadi mpya ya picha inaweza isibadilishe chochote kwenye gemu yako?

Malalamiko haya utayasikia mabwenini Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), utayasikia mitaa ya Area C na Nkuhungu, popote walipo vijana wanaocheza gemu kwenye kompyuta. Mtu amejichanga, ameagiza kadi ya picha Kariakoo, imepanda basi hadi Dodoma, fundi ameifunga, halafu gemu iko vilevile. Kadi ni mbovu? Kapigwa? Inawezekana. Lakini mara nyingi kadi ni nzima kabisa, na kinachoibana ni monita.

Kazi ya kadi ya picha ni kuchora. Kila sekunde inachora picha nyingi zilizosimama, na jicho linaziunganisha likaona mwendo. Picha hizo ndizo fremu. Monita nayo ina mwendo wake. Ile ya 60 Hz, ambayo ndiyo imejaa maofisini na kwenye maduka ya vitu vya mtumba, hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7. Basi kama kadi ya zamani ilikuwa inatoa fremu 70 na mpya inatoa 150, machoni unapata 60 zilezile. Ukimimina debe zima la maji kwenye chupa ya soda, unaondoka na chupa moja. Mengine ardhi ya Dodoma itayanywa.

Mchezaji wa Counter-Strike, gemu ya mashindano ya kupigana risasi, atakubishia hapa, na ana hoja: fremu zikiwa nyingi, ile inayofika kwenye kioo ni mpya zaidi, kwa hiyo kipanya na picha vinakwenda pamoja kidogo zaidi. Sawa. Ila kwa mtu anayehesabu kila elfu kumi, faida hiyo ni ndogo mno kuinunulia kadi.

Kuna na upande wa pili. Monita ya pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, ndiyo iitwayo 1080p, ina pikseli kama milioni 2.07. Ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.69. Ya 4K inafika milioni 8.29, mara nne ya ile ya kwanza, na zote hizo kadi inatakiwa izipake rangi kwa kila fremu. Anayechomeka kompyuta yake kwenye televisheni kubwa ya 4K ya sebuleni ameiongezea kadi kazi mara nne bila kujua, kisha anashangaa gemu inakatakata.

Kwa bajeti ndogo, kwa hiyo, ningeanza na kioo: 1080p, inchi 24, 144 Hz. Kwa mwendo huo picha inabadilika kila baada ya milisekunde 6.9, na tofauti unaiona hata ukizungusha kipanya tu kwenye skrini tupu. Ukipanda inchi 27 kwa pikseli hizohizo, kingo za maandishi zinaanza kuonekana kama meno ya msumeno. Kadi ya kuiendesha si lazima iwe ya kutisha. RX 6600 ya mwaka 2021, yenye memori ya GB 8, inatosha kwa gemu nyingi, na gemu za mashindano ndiyo kabisa.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jaribio moja la bure. Fungua gemu, washa kihesabio cha fremu, kisha shusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa, na kuibadilisha kutakusaidia. Zikibaki palepale, angalia kwanza kama hujafunga idadi ya fremu kwenye mipangilio ya gemu. Kama hujafunga, aliyechoka ni prosesa, ubongo wa kompyuta, na kadi ya milioni moja haitamsaidia.

Halafu kuna umeme. Kompyuta nyingi tunazonunua zimetoka maofisini nje ya nchi, zile Dell OptiPlex na HP nyembamba zinazolala chini ya monita. Ndani yake pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, ni ndogo, kwa nyingi ni wati 240 au pungufu, na plagi zake ni za kampuni yenyewe, huwezi kuweka pawasaplai ya kawaida bila adapta. Toa kifuniko usome stika. Usidanganywe na namba kubwa ya juu. Tafuta mstari wa volti 12, chukua ampea zake zidisha kwa 12. Ukikuta ampea 18, una wati 216 za kugawana prosesa, kadi na kila kilichomo.

Kadi ikichomekwa kwenye ubao mama hupata wati 75 tu kupitia tundu lake. Zaidi ya hapo inadai waya kutoka kwenye pawasaplai. GTX 1650 katika matoleo yake mengi inaishi na hizo 75. RX 6600 inakula 132, RX 580 inafika 185. Ndiyo maana RX 580 ya bei poa inaweza kukutoa hela mara mbili, ya kadi na ya pawasaplai. Kwa kesi nyembamba tafuta pia kadi ya kimo kifupi (low profile). Ukiweka ya kawaida, kifuniko hakitafunga.

RX 580 zimezagaa kwa sababu. Wachimbaji wa sarafu za mtandaoni walizinunua kwa wingi, na sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, zikamwagwa sokoni. Kadi ya mchimbaji si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimezunguka usiku na mchana, kwa hiyo zisikilize. Kuna pia toleo liitwalo 2048SP, lenye uwezo mdogo kuliko RX 580 kamili, na kuna GTX 1060 za kughushi ambazo ndani ni kadi za kizazi cha zamani zilizobadilishwa jina. Programu ya bure ya GPU-Z, inayoonyesha kadi ni ya aina gani, huwaumbua wengi. Mwombe muuzaji aifungue mbele yako. Kumbuka vilevile kwamba NVIDIA, kampuni inayotengeneza kadi za GTX, ilisitisha draiva (programu za kuendesha kadi) mpya za gemu kwa familia ya GTX 1000 mwaka 2025, hivyo hata 1060 halisi isiwe na bei ya kujidai.

Vumbi nalo. Kuanzia Julai hadi mvua zianze, upepo wa Dodoma unajaza kila tundu, na Oktoba joto linaongezea. Mapezi ya alumini chini ya feni za kadi yakizibwa na ule unga mwekundu, kadi inapanda hadi nyuzi 80 na ushei, kisha inajipunguza mwendo yenyewe isiungue. Zima, chomoa umeme, zuia feni kwa kidole ili isizunguke, safisha kwa brashi laini, kisha pulizia kwa pampu. Wapo watakaogundua kwamba kadi waliyotaka kununua walikuwa nayo tayari.

Monita mpya ikishafika, angalia waya. HDMI ya zamani ya 1.4 kwenye 1080p inaishia 120 Hz, hivyo tumia DisplayPort ikiwepo. Windows nayo mara nyingi huiacha monita ya 144 kwenye 60 mpaka uingie mwenyewe kwenye mipangilio ya skrini uibadilishe. Na waya uchomeke kwenye kadi, kule nyuma chini ambako matundu yamelala. Ukiuchomeka juu, kwenye yale yaliyosimama ya ubao mama, picha inatoka kwa prosesa, na kadi uliyoiagiza Kariakoo inazungusha feni bure.