Kipindupindu hakitafuni utumbo

Dhana: Vimelea vya kipindupindu huutoboa utumbo, ndiyo maana mgonjwa humwaga maji.

Hata mabingwa waliwahi kudhani ukuta wa utumbo unachubuka. Daktari Mjerumani Robert Koch alimchunguza bakteria huyu Calcutta, India, akatangaza mwaka 1884 kwamba ndiye chanzo, na akahisi kuwa anatoa sumu. Basi sumu hiyo ikasakwa miaka na miaka mahali pasipo pake. Wanyama walidungwa sindano hapa na pale, wengine wakafa, lakini ule uharishaji wa binadamu haukuonekana.

Aliyefumbua fumbo ni Sambhu Nath De, mtafiti wa Calcutta hiyohiyo, tena kwa vifaa vya kawaida kabisa. Alimchukua sungura, akafunga kipande cha utumbo mwembamba kwa uzi huku na huku, kisha akaingiza bakteria katikati. Baadaye kipande kile kilikutwa kimevimba, kimejaa maji. Mwaka 1959 akaja na jaribio la kumaliza ubishi: aliwaotesha bakteria kwenye mchuzi wa maabara, akawachuja wote, akaingiza mchuzi mtupu usio na kimelea hata kimoja. Utumbo ukajaa maji vilevile! Kumbe ni sumu, na kazi yake inaifanyia mlemle utumboni.

Ukuta wenyewe hubaki mzima. Sumu huzilazimisha seli zitoe chumvi bila kukoma, na chumvi ikitoka maji huifuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, macho yakadidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi. Kinachomuua ni kukaukiwa.

De alifariki mwaka 1985 bila Tuzo ya Nobel, ingawa mwanasayansi Joshua Lederberg, aliyekuwa nayo, alimpendekeza. Kwangu hiyo ni dhuluma.

Dhana: Anayeharisha asipewe maji, yatamzidishia.

Hii ndiyo inayojaza makaburi. Kwa kuwa ukuta ni mzima, njia inayopitisha sukari na chumvi kwa pamoja kuingia mwilini haiguswi na sumu. Sukari ikiingia huingia na chumvi, na maji yanafuata nyuma. ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya kunywa, imejengwa juu ya jambo hilo tu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika Bangaon, India, na kipindupindu kikawaingilia. Dripu zilipokaribia kuisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza maji ya chumvi na sukari yachanganywe kwenye madumu, ndugu wa wagonjwa wakakabidhiwa vikombe wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikifikia asilimia 30 vilishuka hadi chini ya asilimia 4.

Pakiti za ORS zikikosekana nyumbani: lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kila kijiko kiwe kimesawazishwa juu, kisifurike. Chumvi isizidi hapo. Mgonjwa ataendelea kuharisha kwa muda, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaacha. Endeleeni kumnywesha, hata njiani mkimpeleka kituo cha afya, maana aliyelegea kabisa au anayetapika kila kitu lazima awekewe dripu.

Dhana: Flagyl inatosha.

Haitoshi. Dawa hiyo si ya bakteria huyu. Doksisaiklini ndiyo inayoweza kufupisha ugonjwa, kwa maelekezo ya daktari, na hata hiyo haichukui nafasi ya maji.

Dhana: Asiyeharisha hana kipindupindu.

Wengi wanaoambukizwa hawaumwi, au huharisha kidogo tu wakasahau. Hata hivyo bakteria hutoka kwenye kinyesi chao kwa siku 1 hadi 10. Kwa hiyo nyumba ikiwa na mgonjwa, sabuni si ya anayemhudumia peke yake. Anayepika na anayechota maji mtungini nao wanawe, hata kama wanajiona wazima kama kigongo.