Makrobiotiki ni nini, na inaufanyia nini mwili?

Makrobiotiki ni mtindo wa kula na kupika uliotoka Japani, ambao karibu nusu ya chakula cha siku ni nafaka zisizokobolewa. Sehemu inayobaki ni mboga, jamii ya kunde, mwani na supu. Nyama, mayai, maziwa na sukari huachwa kabisa au karibu kabisa. Wengi hudhani ni ulaji wa mboga tupu kwa jina lingine, lakini samaki mweupe anaruhusiwa mara chache kwa wiki, na kinachoulizwa si tu kama chakula kimetoka kwa mnyama au kwenye mmea. Huulizwa pia kimekua wapi, ni cha msimu gani, kimepikwaje na kimetafunwaje.

Mgawanyo uliozoeleka ni ule uliofundishwa na Michio Kushi, Mjapani aliyeueneza mtindo huu Marekani: nafaka asilimia 40 hadi 60, mboga 20 hadi 30, kunde na mwani 5 hadi 10, pamoja na bakuli moja au mawili ya supu kwa siku.

Ukitaka kuuelewa mtindo huu kwa haraka, ingia jikoni. Mchele usiokobolewa huoshwa, hulowekwa kwa saa kadhaa, kisha hupikwa kwa sufuria ya presha pamoja na chumvi chembe chache au kipande cha mwani wa kombu, moto ukiwa mdogo, kwa muda unaokaribia saa nzima. Wali hutoka laini, wa kunata kidogo, na utamu wake hujitokeza ukitafunwa sana. Ndiyo sababu wafuasi huambiwa watafune kila tonge mara 50 au zaidi. Juu ya wali hunyunyizwa gomasio, yaani ufuta uliokaangwa bila mafuta kisha ukasagwa na chumvi kidogo ndani ya kinu cha udongo chenye mifereji, polepole, mpaka nyingi ya punje zipasuke. Miso, ambayo ni soya iliyochachushwa mpaka ikawa rojo zito, hutiwa kwenye supu mwisho kabisa, kwa kuwa ukiichemsha unaviua vijidudu vya uchachu wake. Karoti na mizizi mingine hukatwa vijiti, hukaangwa kwa mafuta kidogo ya ufuta, halafu huiva kwa mvuke chini ya mfuniko. Ni upishi wa mtu asiye na haraka. Gesi hupendelewa kuliko umeme, na maikrowevu hairuhusiwi. Kuhusu hilo la maikrowevu, sayansi haiko upande wao.

Kinachoamua nini kiingie sufuriani ni yin na yang, nguvu mbili zinazopingana na kukamilishana katika falsafa ya kale ya Kichina. Sukari, matunda ya nchi za joto na vileo huhesabiwa kuwa yin iliyopitiliza. Nyama, mayai na chumvi ni yang iliyopitiliza. Nafaka ziko katikati, na ndiyo maana zimepewa kiti cha mbele. Kupika muda mrefu, kutia chumvi na kutumia presha huongeza yang. Kula kibichi huongeza yin. Nyanya, viazi mviringo, biringanya na pilipili huwekwa kando, jambo ambalo mtaalamu yeyote wa lishe atalishangaa, kwa kuwa hakuna ushahidi kwamba mboga hizo zinamdhuru mtu wa kawaida. Mpangilio huu haufuati kemia ya chakula. Umefika kwenye sahani nzuri kwa njia ya pembeni, na mara nyingine umepotea njia hiyohiyo.

Mizizi yake lakini ilianza kwa daktari. Sagen Ishizuka, aliyehudumu katika jeshi la Japani, alifundisha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba afya inategemea uwiano wa sodiamu na potasiamu katika chakula, na kwamba mchele usiokobolewa ndio wenye uwiano mzuri. George Ohsawa, aliyezaliwa mwaka 1893, aliibadilisha lugha hiyo ya madini kuwa ya yin na yang na kuipeleka Ulaya na Marekani. Jina lenyewe lilikwishatumiwa na daktari wa Kijerumani, Christoph Hufeland, mwishoni mwa karne ya 18 katika mafundisho yake ya kurefusha maisha. Baada ya Ohsawa kufariki mwaka 1966, Kushi na mkewe Aveline waliendeleza kazi hiyo mjini Boston, na duka lao la vyakula lilikuwa miongoni mwa yaliyowazoesha Wamarekani mchele usiokobolewa, miso na tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa.

Ohsawa aliacha pia ngazi ya milo kumi, iliyohesabiwa kutoka hasi 3 hadi 7 bila sifuri. Wa juu kabisa, namba 7, ulikuwa nafaka tupu, huku mtu akihimizwa kunywa maji kidogo iwezekanavyo. Yeye aliuona kama tiba ya takribani kila kitu. Mwaka 1965 mwanamke kijana alifariki New Jersey baada ya kuufuata kwa miezi, na madaktari waliripoti hata kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C ambao wengi waliujua kwa hadithi za mabaharia wa zamani. Mwaka 1971 baraza la lishe la Chama cha Madaktari cha Marekani lilionya hadharani kwamba mtindo huo ni hatari. Kushi aliulegeza sana, na makrobiotiki ya leo si mlo namba 7.

Hii iliyolegezwa ina faida zinazopimika. Mwaka 1975 watafiti wa Boston waliwapima watu waliokuwa wakila hivi, na kolesteroli yao ilikuwa wastani wa miligramu 126 kwa desilita, dhidi ya 184 kwa watu wa kulinganishwa nao. Miaka michache baadaye wenzao 21 walikubali kuongezewa gramu 250 za nyama ya ng'ombe kila siku kwa wiki nne. Kolesteroli ikapanda asilimia 19. Nchini Italia, jaribio la siku 21 kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili lilionyesha sukari ikishuka zaidi kwa waliokula kimakrobiotiki kuliko kwa waliopewa mlo wa kawaida wa kisukari. Siku 21 ni chache mno kusema lolote kuhusu miaka. Hata hivyo maelezo yake hayahitaji yin wala yang: nyuzinyuzi nyingi, mafuta ya wanyama machache, sukari hakuna, na mtu anayetafuna sana hula taratibu na mara nyingi hula kidogo.

Kwa watoto hesabu hugeuka. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Uholanzi walifuatilia watoto wachanga wa familia za kimakrobiotiki. Walikuta ukuaji umedorora baada ya kuachishwa maziwa ya mama, matege kwa kukosa vitamini D, na upungufu wa vitamini B12. Uji wa nafaka hujaza tumbo dogo kabla nishati haijatosha. Familia zilizokubali kuongeza samaki wa mafuta na maziwa ziliona watoto wao wakikua vizuri zaidi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu za B12 kwa siku, lakini mwani na soya iliyochachushwa haviaminiki kumpatia, kwa sababu sehemu kubwa ya iliyomo ni ya aina ambayo mwili hauwezi kuitumia. Asiyekula samaki anahitaji vidonge.

Saratani ndiyo iliyoupa mtindo huu umaarufu. Mwaka 1978 daktari Anthony Sattilaro wa Philadelphia aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume iliyosambaa. Aliwapa lifti vijana wawili waliomweleza habari za makrobiotiki, akaanza kula hivyo, akapata nafuu kubwa, na habari zake zikaenea. Kilichosimuliwa kwa sauti ndogo ni kwamba alikuwa amefanyiwa pia upasuaji na kupewa homoni. Saratani ilirudi, na alifariki mwaka 1989. Hakuna utafiti wa kuaminika ulioonyesha kwamba mlo huu unatibu saratani. Zaidi ya hapo, mgonjwa anayepungua uzito hana kilo za kupoteza kwa chakula chenye nishati kidogo, na anayeahirisha tiba kwa ajili yake anapoteza muda usiorudi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, uangalizi unaobaki ni wa mwani na chumvi. Mwani wa hijiki una aseniki, ambayo ni sumu, nyingi kiasi kwamba mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwashauri watu wasiule kabisa. Kombu ina aidini nyingi, na anayeila kila siku anaweza kuivuruga tezi ya thairoidi. Mwani wa nori una aidini ndogo kuliko kombu. Kijiko kimoja cha chakula cha miso kina kati ya gramu 1.5 na 2 za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku nzima. Bakuli mbili za supu, mchuzi wa soya kwenye mboga na gomasio juu ya wali vinaweza kuimaliza hesabu hiyo kabla ya chakula cha jioni, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu apunguze miso au atumie ile yenye chumvi kidogo.